Chai Isiyochumwa na Mtu

Mhakiki wa riwaya hana haja ya kukuambia alisomea kwa taa gani. Iwe koroboi, balbu au jua la saa nne, maneno ni yale yale. Mhakiki wa gemu hana bahati hiyo. Gemu moja ikichezwa kwenye mashine mbili huwa karibu gemu mbili: huku ukungu umetanda mlimani na majani yanatikisika, kule mlima ni kigae cha kijani na ukungu haupo kabisa. Ndiyo maana nikisoma uhakiki wa gemu usiotaja mashine, huwa najiuliza mwandishi anaficha nini. Wacha mimi nianze na yangu.

Ni Dell OptiPlex 9020, ile ya kusimama, si ile nyembamba ya kulala. Ilifanya kazi ofisini kwa watu huko ng'ambo kabla ya kuletwa Kenya kama mtumba. Ndani ina prosesa ya Core i5-4590, ya 2014, na RAM ya gigabaiti 8. Haikuwa na kadi ya grafiki. Picha zote zilichorwa na kile kipande kidogo cha Intel HD 4600 kilichomo ndani ya prosesa. Skrini ni ya zamani, nukta 1366 kwa 768, na ina tundu moja tu la kupokea picha, lile la VGA la samawati. Kumbuka hilo tundu, tutalirudia. Vyote hivi viko juu ya meza ya mbao katika chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Bomet, upande wa Kapkoros, na dirisha linatazama chai.

Mimi hufundisha Kiswahili. Nilinunua mashine hii kwa kisingizio cha kuandaa mitihani, na kwa mwezi mzima nikaandaa mitihani kweli. Kisha mdogo wangu, ambaye ni fundi wa simu mjini, akaniletea Civilization IV, gemu ya 2005 iliyotengenezwa na Firaxis. Akaniambia, “Kaka, hii hata bila kadi itaenda. Lakini ukiifungua, usikimbilie kucheza. Sikiza kwanza.”

Nikasikiza. Dunia inazunguka taratibu kwenye skrini, na kwaya inaanza kuimba sala ya Bwana kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa “Baba Yetu”. Aliyeutunga ni Mmarekani, Christopher Tin, kwa ombi la Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu hiyo, ambaye aliwahi kuishi naye chumba kimoja chuoni Stanford. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ukawa wa kwanza miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu kufika hapo.

Mama alikuwa amerudi kutoka kituo cha kupima majani, kikapu bado kiko mgongoni. Akasimama mlangoni.

“Hiyo ni ibada ya redio gani?”

“Ni mchezo, Mama.”

“Mchezo unaoomba?”

“Unaomba mwanzoni tu. Halafu ni vita.”

Akafikiri kidogo. “Basi ni kama sisi,” akasema, akaenda kuweka kikapu.

Nakiri kwamba wiki hiyo nilikuwa na furaha ya kijinga. Mtu aliyekulia nyumba ya Kikipsigis, akajifunza Kiswahili kwa fimbo na kwa kamusi, na sasa anakula kwa Kiswahili hicho, halafu anakikuta kikifungua gemu iliyochezwa dunia nzima: ungenielewa. Niliwapigia wanafunzi wangu wimbo huo darasani. Nikawaambia, mnaona?

Wiki ya pili ndipo nilipokaa kucheza kwa makini. Gemu hii inakupa orodha ya mataifa 18 ya kuchagua. Unaongoza taifa lako kutoka enzi za kale hadi kurusha chombo angani. Wako Warumi, Wachina, Waazteki, Wamongolia. Kutoka Afrika wako Wamisri na watu wa Mali, wakiongozwa na Mansa Musa. Nyongeza ya 2006 ikaleta Wazulu na Wakarthage, na ya 2007 ikaleta Wahabeshi. Nikatafuta Waswahili. Kilwa iliyofua sarafu zake yenyewe, Mombasa, Pate, Lamu: hakuna. Lugha yetu imesimama mlangoni ikiwaimbia wageni wanapoingia, lakini ndani haina kiti.

Sisemi wimbo ni mbaya. Ni mzuri sana. Ninasema kwamba mimi, mwalimu wa fasihi, nilisahau swali la kwanza ninalowafundisha watoto wa kidato cha pili: nani anasema, na nani anasemewa? Nililisahau kwa sababu nilikuwa nimesifiwa. Nilikuja kujifunza jambo hilo hilo tena, kwa gharama kubwa zaidi, nilipokwenda kununua kadi.

Kwa nini kadi? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilisikia kwamba katika Civilization VI, ya 2016, Zanzibar imo, na kwamba Kilwa Kisiwani iliongezwa baadaye. Ya pili, mdogo wangu alikuwa ameniwekea Resident Evil 5, ile ya Capcom ya 2009, ambamo maadui wanazungumza Kiswahili. Gemu hiyo ya pili niliijaribu bila kadi. Nyuso zilikuwa kama udongo, na nikaona mambo ambayo hayakunipendeza. Lakini nikajiambia niwe mwadilifu: labda ubaya huu ni wa mashine yangu. Labda nikiona vizuri nitaona watu. Mhakiki asihukumu kitabu ambacho kurasa zake zimelowa.

Sasa, kuchagua kadi ni kazi ya kusoma, na nataka kuieleza kama nilivyoielewa, kwa sababu wengi huanza na swali lisilo lake. Huuliza, “Kadi gani ni kali?” Swali la kwanza ni, kasha lako lina stima ya kulisha nini? OptiPlex yangu ina saplai ya umeme ya wati 290. Prosesa inaweza kula wati 84. Tundu la kadi kwenye bodi, lile refu la PCI Express, linaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye saplai. Mashine yangu haina waya huo. Na usifikiri utabadilisha saplai kirahisi: Dell walitumia plagi yao ya pini 8 kwenye bodi, si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hivyo saplai ya dukani haiingii bila adapta. Kwa hivyo hesabu imefungwa. Kadi yangu lazima iishi ndani ya wati 75.

Swali la pili ni kimo. Ukiwa na lile kasha jembamba la kulala, unahitaji kadi fupi yenye bati fupi. Kasha langu linapokea kadi ya kimo cha kawaida. Swali la tatu ni skrini. Kadi ya grafiki kazi yake ni kuchora nukta. Skrini yangu ina nukta milioni moja na kidogo. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina milioni mbili na kidogo. Mwenye skrini kama yangu anachorewa nusu tu ya kazi, kwa hivyo kununua kadi ya bei kali ni kama kukodi lori kubeba kikapu kimoja cha majani.

Baada ya maswali hayo orodha hufupika yenyewe. Kuna GT 1030 ya Nvidia, ya wati 30, lakini jihadhari: jina hilo moja lina kadi mbili ndani yake. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine ina DDR4, na hii ya pili hupitisha data chini ya nusu ya mwenzake. Boksi zinafanana. Kuna RX 6400 ya AMD, ya 2022, wati 53, nzuri kwa mashine mpya. Lakini inatumia njia 4 tu za PCI Express, na kwenye bodi ya zamani kama yangu njia hizo ni nyembamba zaidi, hivyo inakohoa. Kuna GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote za gigabaiti 4 na wati 75, mradi upate toleo lisilo na tundu la waya wa ziada.

Nikachagua 1050 Ti, kwa sababu ya bei. Pesa hazikuwa zangu. Zilikuwa za bonasi ya Oktoba, na chai ni ya Mama. Nilimwomba anikopeshe shilingi 11,000. Hakuniuliza ni za nini. Aliniuliza tu, “Utarudisha?” Nikasema nitarudisha. Anayejua chai ya mkulima mdogo anajua bonasi ni nini: kila mwezi unalipwa kidogo kwa kilo, na mwisho wa mwaka wa kiwanda unalipwa sehemu iliyobaki. Karo, madeni ya mbolea, mabati, harusi, vyote vinaingoja Oktoba. Kuchomoa 11,000 humo ni kuchomoa tofali la chini.

Nilipanda gari asubuhi hadi Nairobi. Duka silitaji. Kijana akanitolea kadi yenye feni mbili nyekundu na maandishi ya 1050 Ti. Kilichonifurahisha zaidi ni ubavuni: kando ya HDMI palikuwa na tundu la VGA, samawati, sawasawa na la skrini yangu. Nikawaza, hii imeumbwa kwa ajili yangu. Sitahitaji hata adapta. Nikalipa.

Usiku huo mdogo wangu aliifunga, akawasha, picha ikaja. Tukashangilia. Kisha tukaweka draiva mpya, ikakataa. Tukaweka nyingine, ikakataa. Akatoa programu inayoitwa GPU-Z, ambayo husoma kadi yenyewe badala ya kuamini jina lake. Mbele ya jina, ndani ya mabano, paliandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya bandia. Chipu ilikuwa ya kizazi cha Fermi, kilichoanza 2010, ambacho Nvidia iliacha kukitolea draiva mpya za gemu 2018. Mtu alikuwa ameandika jina jipya ndani ya kumbukumbu ya kadi kuukuu, akaivisha feni nyekundu.

Mdogo wangu hakucheka. Aliigeuza, akaonyesha lile tundu la samawati kwa bisibisi. “Kaka, kizazi cha 1050 Ti hakitoi VGA tena. Nvidia waliitoa. Hii hapa ndiyo ingekuambia.”

Kumbe kilichonivutia ndicho kilichokuwa ushahidi. Tundu lililoniambia “nimeumbwa kwa ajili yako” ndilo lililokuwa likisema “mimi si yule”. Nililala nikitazama dari, nikasikia mvua ya mawe ikipiga mabati, na nikafikiria chai iliyochanwa nje na 11,000 zilizochanwa ndani. Na nikafikiria, samahani, wimbo wa “Baba Yetu”. Si kwamba ni bandia. Umetungwa kwa heshima. Ni kwamba mimi niliupokea kama nilivyoipokea ile kadi: niliona tundu linalofanana na langu, nikaacha kukagua.

Kadi haikurudishwa. Nilimwambia Mama ukweli wote, na hilo lilikuwa gumu kuliko safari. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Uliyekuuzia alijua unachotaka.” Hakusema zaidi. Mwaka mzima nilimrudishia kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, na nilipomaliza nikaanza kuweka akiba yangu. Safari ya pili nilinunua GTX 1650, niliyoijaribu dukani kwanza, GPU-Z kwenye flashi mfukoni, pamoja na adapta ya HDMI kwenda VGA. Kijana wa duka aliniona kama mtu mwenye kisirani. Sawa tu.

Ukitaka kufunga kadi nyumbani, si mambo makubwa. Zima, chomoa waya wa stima, gusa bati la kasha ili umeme wa mwilini uishe. Toa bati la nyuma, sukuma kadi hadi usikie “tik”, kaza skrubu. Hamisha waya wa skrini kutoka kwenye bodi kwenda kwenye kadi. Wengi husahau hapa na kudhani kadi imekufa. Pakua draiva usiku wakati bando ni rahisi. Kwa huku kwetu ongeza jambo moja: radi. Nyanda za Kericho na Bomet zina mvua ya radi karibu kila alasiri ya msimu, na stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Gadi ya stima ni lazima, na mawingu yakiwa meusi, chomoa kabisa. Hakuna gemu inayozidi saplai iliyoungua.

Basi nikarudi Kijuju nikiwa na macho mapya.

Resident Evil 5 inatokea Kijuju, eneo la kubuni ambalo watengenezaji waliliweka Afrika Magharibi. Chris Redfield, Mmarekani mwenye mikono kama magogo, anafika na kupokewa na Sheva Alomar, mwenzake Mwafrika. Wenyeji wameambukizwa vimelea wanaowageuza kuwa wauaji, nao wanaitwa Majini. Jina wamelipata vizuri. Sisi wenyewe tungewaita hivyo. Trela ya kwanza ilipotoka 2007 watu walilalamika: mzungu mwenye bunduki akiua umati wa watu weusi maskini. Mwandishi Mmarekani N'Gai Croal alikuwa mmoja wa walioeleza jambo hilo wazi, kwamba picha hizo zina historia hata kama aliyezichora haijui.

Kwa kadi mpya kila kitu kilikuwa wazi. Vumbi lilionekana punje kwa punje. Mabati yenye kutu, nzi juu ya nyama buchani, jasho. Jua la gemu hii limechorwa kwa ustadi. Ukitoka gizani linakupofusha kidogo kisha macho yanazoea. Na kama mchezo, jamani, unachezeka. Mimi na mdogo wangu tulipokezana hadi saa nane usiku. Sitaki kujifanya mtakatifu.

Lakini nyuso zilipokuwa wazi hazikuwa za watu zaidi. Kiswahili nilikisikia vizuri zaidi, na nikaona kazi yake: ni kengele. Kinakuambia kwamba kuna mtu nyuma yako, geuka umpige risasi. Chris haelewi, na mchezo hautaki mchezaji aelewe. Mimi nikielewa, hakuna ninachoweza kufanya na uelewa wangu. Siwezi kujibu. Siwezi kumwambia mtu yule “ngoja”. Kitufe hicho hakipo. Na kwa nini Kiswahili, kama ni Afrika Magharibi? Kwa sababu kwa aliyekichagua, nadhani, Kiswahili si lugha ya mahali. Ni sauti ya bara. Mbele zaidi unafika kwa kabila linaloitwa Ndipaya, na huko ni mikuki na sketi za nyasi. Nilitazama nyasi hizo zikitikisika kwa upepo, unyasi kwa unyasi. Kadi ilikuwa ikifanya kazi yake bila kosa.

Hapo ndipo udhuru wangu ulipokufa. Nilikuwa nimesema labda ubaya ni wa mashine. Haukuwa. Kadi ya grafiki huongeza uwazi wa kile mtu alichokusudia, haiongezi kusudi. Aliyechora kundi, ukimpa nukta mara mbili atakupa kundi lililo wazi mara mbili. Afadhali niseme hivi kwa upande wa nyumbani: 2015 Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ambamo viumbe kutoka angani wanaivamia Nairobi na wanajeshi wetu wanapigana nao. Kwa picha haiwezi kushindana na Capcom, na uchezaji wake una mikwaruzo. Lakini katika hadithi yake Nairobi ni mji unaostahili kuokolewa na wenyeji wake. Tofauti hiyo haipimwi kwa wati.

Nikamalizia na Civilization VI, ile iliyonitia tamaa tangu mwanzo. Kwenye kipande cha Intel ilikuwa ikijikokota. Kwa 1650 ilitiririka. Zanzibar nikaipata. Ni dola-mji: huwezi kuiongoza. Unaipelekea wajumbe, na ukiwa na wengi kuliko wengine unakuwa mlinzi wake, nayo inakupa mdalasini na karafuu. Kilwa Kisiwani ni jengo la maajabu ambalo taifa lolote linaweza kulijenga. Mchezaji wa Ujerumani anaweza kujenga Kilwa kwenye pwani yake mwenyewe. Ni hatua mbele kutoka 2005, siwezi kukana. Tumetoka mlangoni tukafika sebuleni. Lakini tumefika kama viungo vya chai, na kama pambo.

Ndipo nikaiona chai yenyewe. Ilikuwa kwenye kilima karibu na mji wangu wa pili. Katika gemu hii chai ni mali ya anasa. Ukishagundua umwagiliaji, unamtuma mjenzi ajenge shamba juu yake, na tangu hapo miji yako hadi minne inapata raha, na wewe unapata sayansi kidogo kila zamu. Milele. Hakuna mvua ya mawe inayoigusa, hakuna kupogoa, hakuna mbolea ya mkopo. Na yule mjenzi? Ana kazi tatu tu maishani mwake. Akimaliza ya tatu, anatoweka. Hakuna kaburi, hakuna nauli ya kurudi nyumbani. Anakuwa hayupo.

Niliita, “Mama, njoo uone chai.”

Mama alichuma kwenye mashamba makubwa ya kampuni upande wa Kericho miaka mingi kabla ya kupanda yake. Aliondoka wakati mashine za kuchuma zilipoanza kuingia, na anawajua walioondolewa nazo. Mei 2023, waandamanaji walipochoma mashine hizo huko Kericho, yeye hakusema walikosea wala hakusema walifanya vyema. Alisema tu, “Mashine haina mtoto wa kusomesha.” Na tangu OptiPlex iingie nyumbani amekuwa akiniuliza kwa utani ambao si utani wote, “Na hii yako, itamfukuza nani?”

Akaja, akifuta mikono kwa leso. Nikasogeza kamera karibu. Mistari ya kijani, kilima, mwanga wa jioni. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Akatazama kwa muda, kama anavyolitazama shamba la jirani.

“Nani anachuma?”

“Hakuna. Inajichuma.”

“Ukiiacha bila kuchuma inakuwa mti,” akasema. Na ni kweli. Chai ni mti unaozuiwa kuwa mti kwa mikono ya watu, kila wiki moja au mbili, maisha yake yote. Ile meza ya kijani ambayo wageni huipiga picha barabarani kutoka Bomet hadi Kericho ni kazi, si mandhari.

Nikaanza kumweleza: Mama, huu ni mchezo wa miaka elfu sita, zamu moja ni miaka mingi, hawawezi kuonyesha kila mchumaji. Nikajisikia nikiitetea. Na utetezi wenyewe si mbaya. Kila sanaa huchagua cha kuacha. Ramani haichori kila nyumba. Lakini mhakiki anapaswa kuuliza ni kina nani wanaoachwa kila mara, katika gemu ya 2005, ya 2009 na ya 2016, kwa kadi hafifu na kwa kadi nzuri. Jibu nililonalo ni kwamba wanatumia sauti yetu, viungo vyetu, nyasi zetu na kilima chetu, na kila mara mtu ndiye anayebaki nje ya picha.

Nitaendelea kucheza. Kadi nimeilipia. Mdogo wangu ameanza kujifunza kutengeneza gemu kwa programu ya bure, na mashine hii hii inatosha kwa kazi hiyo. Usiku huwa namwachia. Ameniuliza aanze na nini. Nimemwambia aanze na kitu anachokijua kwa mikono.

Mama alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti changu siku ile. Alinyoosha kidole kwenye kilima, karibu aguse skrini.

“Na huko,” akauliza, “bonasi hulipwa mwezi gani?”